Gemu za Mashine ya Sarafu Zimerudi kwa Nani?

Tarehe 12 Septemba 2024 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mkusanyiko uitwao Marvel vs. Capcom Fighting Collection: Arcade Classics kwa PlayStation 4, Nintendo Switch na kompyuta, wenye Xbox walisubiri hadi mwaka uliofuata. Ndani yake mna gemu saba zilizotoka kati ya 1993 na 2000, sita za kupigana ana kwa ana na moja, The Punisher, ya kutembea barabarani ukipangua genge baada ya genge. Wachambuzi wa Marekani, Ulaya na Japani wameupima kwa mizani yao: picha imetulia vipi, vidole vinaitikiwa upesi kiasi gani, mtandao unashika au unakatika. Ni maswali ya haki. Lakini huku Maniema kusini, mashariki mwa Kongo, kati ya Kasongo, Kabambare na machimbo ya Salamabila, kuna swali linalotangulia hayo yote. Gemu iliyotengenezwa ichezwe hadharani, kwa sarafu, huku watu wamesimama nyuma yako wakisubiri zamu, inaporudi kama bidhaa ya sebuleni, kimerudi nini hasa?

Jibu langu ni kwamba gemu zenyewe zimerudi zikiwa nzima kuliko wakati wowote tangu zitoke, lakini mahali pa kuzichezea hapakurudishwa. Marekani kumbi za mashine za sarafu zimebaki chache mno, na hata Japani zinapungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mkusanyiko umeandaliwa kwa mtu mmoja aliyeketi nyumbani kwake. Kwetu mahali hapo pangali hai, pana wateja na pana mwenye nyumba anayekusanya pesa kila pambano. Nani basi alipaswa kufikiriwa kwanza?

Tuanze na zenyewe. Capcom ilikuwa imeitikisa dunia mwaka 1991 kwa Street Fighter II, na baada ya hapo ikapata leseni ya kutumia mashujaa wa katuni za Marvel. The Punisher ilitoka 1993, X-Men: Children of the Atom ikafuata 1994, Marvel Super Heroes 1995. Katika ile ya 1994 watengenezaji walificha mgeni mmoja: Akuma wa Street Fighter, ambaye humpati mpaka ujue mpangilio wa siri wa kumwita. Mbegu ya mchanganyiko ilipandwa pale. Mwaka 1996 pazia lilifunguliwa kabisa. X-Men vs. Street Fighter ilimsimamisha Wolverine mbele ya Ryu, na ikaleta utaratibu uliobadilisha mwendo wa pambano zima: kila mchezaji anaingia na wapiganaji wawili, na anaweza kuwabadilisha ngumi zikiwa zinaendelea. Aliyeumizwa anatoka, anarudisha nguvu kidogo nje ya skrini, mwenzake anatua uwanjani kwa teke. Mwaka 1997 Marvel Super Heroes vs. Street Fighter ikakuruhusu kumwita mwenzako apige mara moja na kuondoka. Mwaka 1998 Marvel vs. Capcom: Clash of Super Heroes ikawakaribisha watu wa gemu nyingine za nyumba hiyo, akina Mega Man, Strider Hiryu na Captain Commando.

Kisha ikaja Marvel vs. Capcom 2, mwaka 2000. Wapiganaji 56, watatu kwa watatu, skrini nzima moto na umeme, na muziki wa jazi chini yake. Kasoro zake hazihitaji kutafutwa. Wapiganaji wengi walichorwa kwa ajili ya gemu za miaka iliyopita, wakabandikwa mbele ya mandhari mapya ambayo hayafanani nao hata kidogo. Uwiano wa nguvu haupo: kati ya 56 hao, wanaobeba mashindano makubwa ni wachache sana, na waliobaki ni wa kucheza na ndugu yako jioni. Hata hivyo hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote, na naamini ilipendwa kwa sababu ya ulegevu huohuo. Sheria zake zina mianya mingi kiasi kwamba wachezaji waliendelea kugundua mambo mapya kwa miaka mingi baada ya Capcom kuiacha. Gemu iliyopimwa kwa uangalifu mno humalizwa na aliyeibuni. Hii ilimalizwa na walioicheza, na kila ukumbi uliokuwa na mashine yake ulikuwa na namna yake ya kuicheza.

Mshindani wa Capcom, SNK ya Osaka, alikuwa amefika mapema zaidi kwa njia yake: The King of Fighters '94 iliwakusanya watu wa Fatal Fury na Art of Fighting ndani ya gemu moja, timu ya watatu kwa kila upande. Nyumba hizo mbili baadaye zikakubaliana, na ndipo zikazaliwa Capcom vs. SNK mwaka 2000 na ya pili yake mwaka 2001, mwaka uleule SNK ilipofilisika. Hizo nazo zimerudi, katika Capcom Fighting Collection 2 ya Mei 2025. SNK yenyewe leo iko mikononi mwa taasisi ya MiSK ya Saudi Arabia. Sitakaa sana hapo, maana hoja yangu inasimama vizuri zaidi kwenye zile za Marvel.

Walioishi mbali na mashine za Capcom walizijua gemu hizi kupitia PlayStation ya kwanza, ambayo ilienea Afrika kwa sababu diski zake zilikuwa rahisi kunakili. Na PlayStation iliwapa kitu kilichokatwa. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 2 tu kwa kazi zake kuu, na wapiganaji wanne wenye michoro mingi namna ile hawakuenea humo kwa pamoja. Capcom ikaamua kuondoa kubadilishana kwenye pambano la kawaida. X-Men vs. Street Fighter, gemu ambayo kubadilishana ndiyo roho yake, ikawa ni mmoja kwa mmoja, mwenzako akitokea tu kukusaidia kwa pigo maalumu. Kulikuwa na mtindo mmoja uliorejesha kubadilishana, lakini kwa sharti kwamba pande zote mbili zichague jozi ileile ya wapiganaji, ili kumbukumbu itoshe. Waliokuwa na Sega Saturn walichomeka kadi ya kuongeza megabaiti 4 wakapata karibu gemu nzima.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu aliyekua na ile ya PlayStation, akasema gemu hizi ni kelele na rangi tu, hakukosea kuhusu alichokiona. Alikuwa na kisu bila makali. Alipoona taarifa kwamba watu wanaililia gemu hiyo miaka ishirini baadaye, aliwashangaa. Mkusanyiko wa 2024 unamfungulia kwa mara ya kwanza kile ambacho mwenzake wa Los Angeles au Tokyo alikichezea mwaka 1996: mashine yenyewe, kwa programu inayoiga bodi ya asili. Kwake hii si kumbukumbu ya zamani, ni gemu mpya kabisa. Sijaona mchambuzi wa kule akiandika hivyo, wala siwalaumu, kwa sababu wao hawakukatiwa. Hata wao, hata hivyo, wamepata kitu ambacho hawakuwahi kupewa: Norimaro, mpiganaji wa kichekesho mwenye kamera shingoni, aliyewekwa kwenye gemu ya 1997 kwa Japani peke yake, sasa yuko wazi kwa kila mtu.

Kwa nini zilipotea? Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Mashujaa ni wa Marvel, gemu ni ya Capcom, na leseni ina tarehe ya mwisho. Mwaka 2009 Marvel vs. Capcom 2 iliwekwa tena sokoni kwa njia ya mtandao. Mwaka huohuo Disney ikatangaza kuinunua Marvel kwa takribani dola bilioni 4. Mwishoni mwa 2013 gemu hiyo iliondolewa kwenye maduka ya PlayStation na Xbox. Aliyekuwa ameilipia alibaki nayo kwenye mashine yake. Mwingine yeyote alirudi kutafuta diski za mwaka 2002 na 2003 kwa bei ya kuumiza. Ilihitaji miaka ya kelele, zikiongozwa mwaka 2021 na mtangazaji wa gemu wa Marekani Maximilian Dood, kabla wenye mali hawajakaa meza moja tena.

Sababu ya pili ni ya kifundi, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Gemu tano za kupigana zilizotangulia Marvel vs. Capcom 2 ziliendeshwa na bodi iitwayo CPS-2. Ili kuzuia wanakili, Capcom iliifunga programu kwa msimbo, na ufunguo wa kuufungua ikauweka kwenye kumbukumbu inayotegemea betri ndogo iliyochomekwa ndani ya bodi. Betri ikiisha, ufunguo unafutika. Mashine nzima, iliyokuwa inafanya kazi jana, inabaki skrini tupu ya rangi moja, na hakuna ukarabati wa kawaida unaoirudisha. Mafundi huziita betri za kujiua. Kumbukumbu za ukumbi mzima, malaki ya sarafu, vimefungwa kwenye kitu kidogo kama pipi. Waliookoa gemu hizo zisizikwe ni wapenzi waliovunja msimbo huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaweza kuziendesha kwenye kompyuta na kuzifufua bodi zilizokufa. Kwa macho ya sheria walikuwa wanakili. Ninawaheshimu. Bila wao kizazi kizima cha wachezaji kisingekuwa na pa kushika katika miaka ambayo wenye mali walikaa kimya.

Sasa twende kwenye chumba. Katika miji ya machimbo ya mashariki mwa Kongo chumba cha gemu kinafahamika kabla hujakiona, kwa sababu ya jenereta inayonguruma nyuma yake au paneli za sola zilizolala juu ya mabati. Ndani kuna mabenchi, televisheni bapa mbili au tatu, PlayStation zilizokwisha pita mikono mingi, na padi ambazo vijiti vyake vimelegea. Gemu inayotawala ni ya mpira. Unalipia pambano, na mara nyingi anayefungwa ndiye anayelipa. Aliyeshinda habanduki, anamsubiri anayefuata. Kuna watoto ambao hawana faranga hata moja na hawakosi siku. Wao ndio wanaojua nani hupenda kushambulia kulia, nani hukasirika akitanguliwa, nani ana mkono wa bahati.

Mtu aliyewahi kusoma habari za kumbi za Capcom za mwaka 1996 atakitambua chumba hicho papo hapo. Mshindi anabaki, aliyeshindwa anatia sarafu. Ujuzi unapita kwa macho, kutoka begani kwa mtu hadi machoni kwa mtoto aliyesimama. Ugumu umepangwa ili pambano liishe kwa dakika chache na kiti kipate mtu mwingine. Hata saa ya pambano inayohesabu kutoka 99 kurudi nyuma ilikuwa ni chombo cha biashara kabla ya kuwa kanuni ya mchezo. Mapigo makubwa yanayojaza skrini nzima yalichorwa hivyo ili mtu anayepita mlangoni ageuke. Nyumbani, ambako unacheza peke yako na sarafu ni kitufe unachobonyeza bure, vitu hivi vinabaki kama kengele kwenye nyumba isiyo na wageni. Katika chumba cha Salamabila kila kimoja kingekuwa na kazi yake tena.

Chumba hicho pia kinapumua kwa pumzi ya dhahabu. Mgodi wa Namoya, jirani na Salamabila, ulitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 chini ya kampuni ya Banro ya Kanada, ukasimamishwa Septemba 2019 kwa sababu ya usalama, baada ya miaka ya mapigano na wanamgambo wa Mai-Mai Malaika. Pembeni yake wachimbaji wadogo hawakuacha kuchimba. Dhahabu ikitoka, chumba kinajaa hadi usiku. Mashimo yakijaa maji au njia ya kuelekea Lulimba ikifungwa, mwenye chumba anazima jenereta mapema. Chombo cha burudani kinachotaka malipo ya kila mwezi na mtandao usiokatika hakiwezi kuishi kwenye mapigo ya namna hiyo. Kinachoishi ni kile kinacholipiwa kidogo kidogo, siku ile pesa ipo.

Kwa mizani hiyo mkusanyiko wa Capcom una nguvu ambazo wachambuzi wa kule wamezipita haraka. Hizi ni gemu nyepesi. Bodi ya CPS-2 ilichora picha ya nukta 384 kwa 224, na kompyuta ya mapajani iliyochoka inaweza kubeba kazi hiyo bila kutoa jasho. Kompyuta ya mapajani ina betri, kwa hiyo jenereta ikikohoa katikati ya pambano hakuna anayedai arudishiwe pesa. Watu wawili wanaweza kucheza bega kwa bega pasipo mtandao. Kuna mazoezi yanayoonyesha wapi hasa pigo linagusa. Na kuna chaguo la kutoa mapigo maalumu kwa kitufe kimoja, ambalo wachezaji wa zamani wamelidharau. Mimi nalitetea. Gemu ya mpira imeshinda kwenye vyumba vyetu kwa sababu kila anayeingia tayari anajua sheria za mpira. Gemu ya kupigana humwadhibu mgeni kabla hajajua amekosea nini. Kitufe kimoja kinamfanya mgeni arudi kesho, na akirudi atajifunza robo duara ya kijiti kama walivyojifunza wengine.

Kile kilichosifiwa zaidi na wachambuzi, yaani uchezaji wa mtandaoni, huku kina thamani ndogo kwa sasa. Gemu hizi huchora takribani picha 60 kwa sekunde, na mchezaji hodari hutegemea picha moja moja. Mfumo uliotumika unatokana na wazo lililoenezwa tangu 2006 na Mmarekani Tony Cannon kwa programu yake GGPO: mashine yako inakisia mpinzani atafanya nini, inaendelea bila kungoja, na ikikosea inarudi nyuma picha chache na kurekebisha kabla jicho halijashituka. Ni kazi nzuri kabisa. Lakini kukisia kuna mipaka yake, na ishara inayopanda kwa mnara wa simu uliolemewa, ikazunguka mabara mawili kumfikia mpinzani, inafika ikiwa imechelewa kuliko kisio lolote. Kongo iliipa Starlink ruhusa mwaka 2025, na satelaiti za chini zinafupisha njia hiyo. Huenda vyumba vya Kasongo vikaja kupigana na vya Bukavu na Kigoma. Hilo lingekuwa jambo la kuangaliwa. Kikwazo cha karibu zaidi ni kufungua akaunti tu. PlayStation haina duka rasmi la mtandaoni kwa Kongo, na anayetaka kununua huishia kujisajili kama mkaazi wa nchi nyingine kwa kadi ya benki ambayo wengi hawana.

Nimemweka mtu mmoja kando mpaka hapa kwa makusudi. Ndani ya mkusanyiko huu kuna mwanamke ambaye hadithi yake inaanzia upande wetu wa bara. Storm, jina lake Ororo Munroe, alibuniwa na Len Wein na mchoraji Dave Cockrum mwaka 1975. Mama yake, kwa hadithi ya Marvel, ni Mkenya wa ukoo wa kifalme. Baba ni mpiga picha wa Marekani. Anabaki yatima Cairo, anatembea kusini hadi Kenya, na huko wanakijiji wanamwabudu kama mungu wa mvua. Soma katuni hizo ukiwa umetoka Maniema na utaona upesi kile kisichokuwemo. Kenya hiyo haina mji, haina shule, haina soko, haina lugha ya mtu yeyote. Jina la mama, N'Daré, si jina ambalo jamii yoyote ya Kenya ingelipokea kama lake. Ni Afrika iliyoandikwa kwa mbali, tambarare ya nyasi inayosubiri mtu mmoja wa ajabu, na sisi tunaoishi kwenye njia ya misafara ya Kabambare, Kasongo na Nyangwe, iliyojaa miji, biashara na mabishano kabla Mbelgiji hajakanyaga, tuna kila sababu ya kuikataa.

Kisha mshike mikononi. Katika Marvel vs. Capcom 2, Storm anaruka pande zote hewani, anakaa juu asiyefikika, anashuka, anaondoka, na anapoita mvua ya mawe skrini nzima inapigwa bila mahali pa kujificha. Wachezaji wa mashindano walimweka, pamoja na Magneto, Sentinel na Cable, katika kundi la wanne wanaotawala gemu. Kwa miaka mingi ilikuwa nadra kukuta fainali kubwa bila yeye kuwepo upande mmoja au wote. Waandishi walimpa kijiji kinachopiga magoti. Wachezaji walimpa kiti cha mbele kati ya watu 56 kwa sababu anajua kazi. Naona ukweli wa pili una heshima zaidi, nao haukuandikwa na mtu yeyote. Ulitoka kwenye vidole vya maelfu ya watu waliotaka kushinda tu.

Dada yake wa upande wa Capcom ni Elena, Mkenya pia, aliyeingia kwenye Street Fighter III mwaka 1997. Naye amepewa nyika kama uwanja na capoeira ya Brazili kama mtindo, kana kwamba pwani na bara zima la Afrika Mashariki halikuwa na mieleka wala mchezo wa fimbo. Ila waliomchora walifanya kazi ya upendo: anapigana kwa miguu, na mwendo wake wa kuyumba ni kati ya michoro laini kabisa iliyowahi kufanywa kwa mkono katika gemu za namna hii. Alikutana na watu wa nyumba nyingine katika Street Fighter X Tekken mwaka 2012, na Juni 2025 akarudi katika Street Fighter 6. Wakati huo Kenya halisi ilikuwa tayari na wapiganaji wake walio hai: Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, aliyejijengea jina kwenye Tekken na kusajiliwa na timu ya nje ya nchi. Kati ya Elena na QueenArrow ndiyo safari yote ninayoitaka, kutoka kuchorwa hadi kucheza.

Kuna uhusiano mwingine kati ya Maniema na mashine hizi, ulio ndani ya bodi zenyewe. Kila kipande juu ya bodi kimeshikizwa kwa bati lililoyeyushwa, na bati ndilo lililoijenga Maniema ya kikoloni: kampuni ya Symétain ilianza 1932, Kalima ikawa mji wake. Siwezi kulifuata bati la Kalima hadi ndani ya mashine fulani ya Osaka, na hakuna anayeweza. Madini huchanganywa kwenye tanuri na kupoteza asili. Tahadhari hiyohiyo inafaa kwa maneno yaliyosambaa sana kwamba vita vya Kongo vilikuwa vita vya PlayStation. Ni kweli kwamba mwaka 2000, mwaka wa Marvel vs. Capcom 2 na wa PlayStation 2, bei ya tantali, madini yatokayo kwenye koltani, ilipaa mara kadhaa, na Novemba mwaka huo waasi wa RCD, walioishika pia Kindu, waliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kuuza koltani nje ya eneo lao. Ni kweli kwamba watu walikufa na wengine wakahamishwa kwa ajili ya mashimo hayo. Lakini kusema vita vililetwa na mashine ya gemu ni kumwondolea lawama kila mtu aliyekuwa na bunduki, mhuri au akaunti. Simu na kompyuta zililamba tantali nyingi pia, na siasa za vita zilikuwepo kabla bei haijapanda. Salamabila yenyewe ni ya dhahabu, na dhahabu huenda zaidi kwenye mikufu ya shingo na kwenye hazina za benki kuliko kwenye bodi.

Kilichotugusa bila ubishi ni kilichofuata. Sheria ya Marekani ya Julai 2010 ilizitaka kampuni zieleze madini yao yanatoka wapi. Septemba mwaka huo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wanunuzi wa mbali walitakasa dhamiri zao, na hapa ada za shule zikakosa mtu wa kuzilipa. Wale wanaotaka bidhaa safi na wale wanaotengeneza bidhaa hizo hufanana kwa jambo moja: wote huamua kwanza, ndipo baadaye huja kuuliza kuna nani huku.

Leseni ya gemu nayo imeandikwa vivyo hivyo. Mkusanyiko huu ulitoka kwa dola 50, na mnunuzi hupewa ruhusa ya matumizi yake binafsi, yasiyo ya biashara. Mwenye chumba wa Salamabila akiununua kihalali, kwa kadi ya kuazima, akauweka kwenye televisheni yake na kutoza watu kwa pambano, amevunja masharti. Mwaka 1996 mwenye ukumbi alinunua bodi, na kutoza watu ndiyo ilikuwa kazi ya bodi hiyo. Leo gemu ileile, kwa picha ileile na saa ileile ya 99, imeuzwa kwa kila mtu isipokuwa yule anayeitumia kama ilivyokusudiwa. Kwa hiyo anaendelea na nakala, na Capcom haipati kitu, na Marvel haipati kitu.

Njia ya kuliondoa hili tayari ilikwisha jaribiwa, tena na Wajapani wenyewe. Mwaka 2010 kampuni ya Taito ilianzisha NESiCAxLive, mfumo ambao mwenye ukumbi hakulazimika kununua kila gemu kwa bei kubwa. Alizipakua, na mapato ya kila uchezaji yakagawanywa kati yake na wenye gemu. Mfumo huo ulitegemea mtandao wa Japani. Kwa vyumba vya Maniema ungehitaji kuhesabu mapambano bila mtandao, kuoanisha hesabu mara moja kwa wiki simu inaposhika, na kupokea malipo kwa M-Pesa au Airtel Money, ambazo kila mnunuzi wa dhahabu anazo mfukoni. Hakuna lolote kati ya hayo lililo gumu kuliko kukisia mkono wa mpinzani picha 60 kwa sekunde. Na leseni ya Marvel itakapokaribia tena tarehe yake ya mwisho, wenye mali wangekuwa na hesabu ya mapato mbele yao kutoka sehemu ambazo hadi sasa hawajaziandika kabisa kwenye daftari lao.